Mvumo wa Kabati la Mzee

Ndugu msomaji, kama kwako kuna mama mzazi, mke, watoto, mbuzi, na chombo chochote alichokiacha marehemu, basi wewe ni mwenzangu. Haya nakusimulia kama ninavyomsimulia jirani tukiwa tumeegemea ukuta, ndoo miguuni, tunasubiri maji yatoke.

Chombo chetu ni redio gramu. Watoto wanaiita Kabati la Mzee, na ukiiona utakubali: mbao ya kahawia iliyong'arishwa, miguu minne myembamba, mfuniko wa juu, na chini ya mfuniko ule sahani ya kuzungushia santuri. Mbele kuna kitambaa kinachoficha spika mbili. Nyuma kuna ubao laini wenye matundu, na usiku ukichungulia matunduni unaziona valvu zimewaka rangi ya chungwa, nne kwa idadi: ECC83 moja ya kupokea sauti ndogo kutoka kwenye sindano, EL84 mbili za kuisukuma hadi kwenye spika, na EZ81 inayogeuza umeme wa nyumba uwe wa kwenda upande mmoja. Mimi majina haya sikuyajua hadi Oktoba iliyopita. Sasa nayataja usingizini, Mama Neema ni shahidi.

Marehemu baba aliinunua mkono wa pili mwaka 1969. Alikuwa mtu wa reli, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ile iliyovunjika 1977, na alihama stesheni nyingi na kabati lake kabla ya kutua Dodoma moja kwa moja. Alipofariki tuligawana kiwanja bila ugomvi. Kabati hakuna aliyethubutu kulitia kwenye hesabu, kwa sababu linalindwa na Spika.

Spika ni mama yangu. Jina wamempachika wajukuu zake, ambao kwa utani wa bibi na mjukuu wana ruhusa nisiyokuwa nayo mimi. Hapa ndipo penye Bunge, na watoto wa Dodoma wanajua Spika ni nani: akisema kaeni, watu wazima wenye tai wanakaa. Bibi yao naye akisema kaeni, baba yao anakaa. Sasa changanya na zile spika mbili za kwenye kabati. Nyumbani kwetu Miyuji mtu akiuliza "Spika kanyamaza?", lazima umwulize ni yupi.

Mke wangu ndiye Hazina. Shilingi haitoki bila kupita kwake, na inayotoka anaikumbuka miaka mitatu. Binti yetu wa kwanza, Neema, alikuwa kidato cha nne, mtihani Novemba, kwa hiyo mwaka mzima sote tulitembea kwa kunyata. Mdogo wake, Baraka, miaka 11, ni Injinia: ameshafungua tochi, saa ya ukutani na blenda, na kuna kilichorudi kikafanya kazi. Halafu yupo mdogo wake Mama Neema, tunayemwita Shemeji Nimesoma, maana hana sentensi isiyoanza na "nimesoma mahali". Mbuzi ni mmoja, mali ya Spika, jina lake Mheshimiwa.

Yote yalianza na send-off. Binti wa dada yangu alikuwa anaolewa, na wiki mbili kabla Spika akatangaza mezani, mlenda ukiwa bado mkononi, kwamba siku hiyo atapiga "Harusi" ya Afro 70. Akasema ataipiga kwenye kabati la mume wake, kwa santuri, na wala tusimletee habari za simu.

Hapa lazima nisimame kidogo. Sisi kwetu ni Mvumi, na kwa mtu wa Mvumi Patrick Balisidya ni mtoto wa nyumbani. Alizaliwa huko mwaka 1946, akaja kuongoza Afro 70, akaiwakilisha nchi kwenye tamasha kubwa la FESTAC kule Lagos mwaka 1977, na alipofariki mwaka 2004 mama alizima kila kitu kwa siku tatu, hata redio ya taarifa ya habari. "Harusi" imepigwa kwenye harusi za Tanzania kiasi kwamba kuna wanaodhani wimbo ule ulikuwepo tangu zamani, haukutungwa na mtu. Santuri yetu ni ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, ina mkwaruzo mmoja ukingoni, na inakaa ndani ya bahasha ya khaki chini ya godoro la Spika.

Basi Jumamosi tukafungua mfuniko, tukachomeka, tukasubiri. Mtambo wa valvu una adabu zake, hauamki kwa kelele. Kwanza kimya, sekunde 20 hivi, valvu zinapata moto. Kisha ikaja: mmmmmmmmm. Sauti nzito, ya chini, haipandi wala haishuki, kama basi limesimama stendi injini inawaka na dereva kaenda kunywa chai. Sindano ikashuka, gitaa likaanza, na mmmmm ikakaa juu yake kama vumbi la Septemba juu ya kila kitu cha mtu wa Dodoma.

"Baba, nasoma," akasema Neema toka chumbani.

"Mwacheni avume," akasema Spika.

Mama hakuwa anabishana tu. Sikio lake ni la Kigogo. Ilimba yetu, ile marimba ya vijiti vya chuma ambayo Hukwe Zawose wa Doduma aliitembeza duniani hadi alipofariki mwaka 2003, imeundwa ivume makusudi. Kwenye ubao wake kuna tundu, na tundu hilo huzibwa na utando mwembamba wa kifuko cha mayai ya buibui. Ukibonyeza kijiti, sauti safi hutoka pamoja na mchirizo wa zzzz, na mchirizo huo ndio utamu wenyewe. Fundi wa ilimba asiye na utando mzuri wa buibui huona aibu kuileta ngomani. Kwa hiyo mama amekulia mahali ambapo chombo kisichovuma ni ubao mtupu, na mimi nilikuwa namweleza kwamba kabati linaumwa.

Ila hata yeye, siku ya pili, alikubali kwamba mvumo ule ulikuwa unammeza Balisidya. Hazina akatoa ruhusa ya fundi mmoja, mara moja tu.

Shemeji Nimesoma alifika kabla ya fundi. Alikuwa amesoma mahali kwamba kelele za amplifaya hutoka hewani, na dawa yake ni kuzungushia karatasi ya alumini. Akachukua foili ya jikoni, akaufunika nayo ule ubao wa nyuma wote, matundu na vyote. Spika alipotoka kuanika mboga akakuta kabati linang'aa. "Mnambanika Mzee kama sato?" Foili ikatoka dakika hiyo hiyo, na ilikuwa vizuri, kwa sababu matundu yale ndiyo valvu zinapumulia, ukiyaziba unazipika.

Fundi wetu tutamwita Babu Risasi. Ana miaka sabini na kitu, kibanda chake kiko upande wa soko la Sabasaba, na alianza kulehemu redio kabla mimi sijazaliwa. Alikuja Jumatatu, akaamkiwa shikamoo na kila mtu, akamjibu mama "Mbukwenyi!" kwa heshima zote, akakataa kiti. Alifanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu alikuwa amelifanya: aliinama, akaweka sikio kwenye kitambaa cha spika, akafumba macho, akasikiliza.

"Huu ni wa mia," akasema.

Akaturithisha elimu yake pale pale, na naomba uichukue. Kelele za amplifaya ya valvu zina sura, na ukizijua sura hutahangaika kuvunja chombo chote. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde. Ukisikia mvumo mzito kabisa, wa hamsini, shuku nyaya zinazopasha moto valvu, zile za volti 6.3, au transfoma iliyo karibu mno na sindano. Ukisikia wa mia, uliopanda juu kidogo, shuku kapasita za kuchuja, kwa sababu valvu ya kugeuza umeme hukunja kila wimbi mara mbili, hamsini zikawa mia. Ukisikia zzzz kavu, yenye meno, kama nyuki ndani ya kopo, toka nje ya kabati ukatafute nyumbani: chaja, taa, au ethi. Ukisikia shhhh kama mvua ya mbali, ni rezista iliyozeeka au valvu iliyochoka. Na ukigonga kabati likalia ting, valvu yenyewe imelegea ndani.

"Ukipunguza sauti mpaka mwisho, unapungua?" akauliza.

Injinia akajibu kabla yangu. "Hapana babu. Niliijaribu. Unabaki vile vile."

Babu Risasi akamtazama kama mtu aliyepata mrithi. Kumbe swali hilo ndilo nusu ya kazi: kelele inayopungua na kitufe cha sauti inatokea kabla ya kitufe, huko kwenye sindano na valvu ya kwanza, isiyopungua inatokea baada yake, au kwenye umeme wenyewe.

Kisha akatufundisha kuogopa. Alizima, akachomoa plagi, akasubiri, na bado hakugusa. Alipoweka ncha za mita kwenye kopo la kapasita ilisoma volti 270, plagi ikiwa mezani mbele yetu. Akashika rezista nene yenye vibanio, akaiunganisha kwenye kopo, tukaona namba zinashuka pole pole hadi sifuri. Muda wote huo mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni. Alisema umeme ukiingia mkono mmoja ukatokea wa pili, njiani unapita kwenye moyo, kwa hiyo mkono mmoja unakaa mfukoni na moyo unakaa salama. Injinia alikula ugali na mkono mfukoni wiki nzima. Nilimwacha, ni afadhali kuliko kinyume chake.

Kopo lile, la alumini, lilikuwa limekufa. Ndani ya kapasita za namna hiyo mna majimaji, na baada ya miaka zaidi ya hamsini yalikuwa yamekauka kama mlenda wa Agosti. Mama Neema akauliza kazi yake nini hasa, maana Hazina hainunui kitu isichokielewa. Babu Risasi akanyosha kidole dirishani. "Mama, lile tanki lako la plastiki. Bombani maji yanakuja kwa kushtukiza, yanatoka, yanakata. Lakini jikoni unafungua koki yanatiririka tu, kwa sababu tanki linapokea kwa vishindo na kutoa taratibu. Kapasita ni tanki la umeme. Tanki likitoboka, vishindo vinafika jikoni. Hivyo vishindo ndivyo unavyovisikia."

Katika miaka kumi na nane ya ndoa sijaona mke wangu akiidhinisha fedha haraka vile. Kapasita mbili za mikrofaradi 47, volti 450, zikaagizwa Kariakoo, zikapanda basi, zikafika Alhamisi. Ijumaa Babu Risasi akazichomelea chini ya lile kopo, kopo akaliacha mahali pake kwa heshima ya sura ya chombo. Alisugua na miguu ya valvu, maana vumbi la huku huingia hata panapopita hewa tu. Tukawasha, tukasubiri. Kimya. Mmmmm ilikuwa imeondoka kabisa, saa tisa mchana, na Spika akacheza hatua mbili sebuleni.

Saa moja jioni ikaja zzzz.

Sikiliza, msomaji, mimi nimezoea. Kwetu bomba likitengenezwa, koki inavunjika. Lakini jioni ile nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma nikatazama vumbi, Mheshimiwa akanitazama, na hatukuwa na la kuambiana.

Mchana haipo, usiku ipo. Tukaanza kuchomoa vitu kimoja kimoja. Chaja ya simu ya Shemeji ikatoka, zzzz ikapungua kidogo. Ile taa ya duara ambayo Neema anasema ni ya kusomea na mimi naamini ni ya kujipigia picha ikatoka, ikapungua tena. Televisheni ikatoka, watu wakanuna. Kompyuta ikatoka. Taa za kubana umeme zikazimwa, tukabaki na mshumaa, familia nzima gizani imezunguka kabati, na bado uzi mwembamba wa zzzz ulikuwepo. Shemeji akasema amesoma mahali kwamba inabidi kubadili valvu zote nne. Hazina akamwuliza kama hapo mahali pamemwandikia pia ni nani atalipa.

Katika giza hilo mama akainuka. Alikuwa pekupeku, sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Akaweka kiganja chake juu ya bati lililozunguka sahani ya santuri, kama mtu anayempima mtoto homa, na zzzz ikazama. Ikabaki kama pumzi. Akaondoa mkono, ikarudi. Akaweka, ikazama.

"Ananijua," akasema.

Hakuna aliyecheka. Nilijaribu mimi, nikiwa na ndala, haikubadilika sana. Neema akajaribu na soksi, hapana. Kila tulipojaribu tulishindwa, na kila alipoweka yeye mkono, kabati lilitulia. Usiku ule nilimsikia akiongea naye kwa Kigogo sebuleni, kwa sauti ya chini, na sikutoka kumwuliza.

Jumatatu Babu Risasi akarudi, nikamsimulia nikidhani atatabasamu. Hakutabasamu. Akamgeukia mama. "Mama, ukiweka mkono pale, unasikia nini kidoleni?"

"Inanitekenya kidogo. Kama friji tu."

"Friji?"

"Friji yetu hutekenya," akasema Injinia. "Tunaifungulia kanga."

Ni kweli. Kanga imening'inia kwenye kitasa cha friji tangu mwaka juzi, na wageni tunawaambia wavae ndala kabla hawajajichotea maji baridi. Ilikuwa imeshakuwa desturi ya nyumba, kama kuondoa viatu mlangoni. Nilipoisikia ikisemwa kwa sauti mbele ya fundi, mwili ulinisisimka.

Babu Risasi akachukua mita, ncha moja kwenye bati la kabati, ya pili kwenye msumari alioupigilia kwenye udongo wa kibarazani uliomwagiwa maji. Volti 90 na ushei. Akazima meinswichi mwenyewe bila kuomba ruhusa ya Hazina, akatukalisha chini wote, Spika akiwemo.

Maelezo yake yalikuwa haya. Vyombo vya siku hizi, kompyuta, televisheni na mashine nyingine, kila kimoja hudondosha umeme kidogo sana kwenye waya wa ethi. Ndivyo vilivyoundwa, na waya ule kazi yake ni kuupeleka ardhini. Sasa kama waya haufiki ardhini, matone yale yanakusanyika na kukaa kwenye mabati ya vyombo vyote vilivyounganishwa nao: friji, jiko, na kabati la marehemu, ambalo miaka ya nyuma fundi wa busara alilifungia plagi ya miguu mitatu. Amplifaya ikikaa juu ya bati linalotetemeka, inakuza mtetemo huo na kuutoa kwenye spika. Zzzz. Mtu mwenye miguu mitupu juu ya sakafu mbichi akigusa bati, umeme unapata njia ya kushuka, na kelele inapungua.

"Mama yenu ndiye aliyekuwa ethi ya nyumba hii," akasema.

Halafu akaongeza lililobaki, taratibu, akimtazama mke wangu. Huko kutekenya ni kudogo kwa sababu kunakovuja ni kidogo. Siku waya wa moto wa friji ukichubuka ndani ukagusa bati, umeme wote wa nyumba utasimama pale pale mlangoni pa friji, hautakata kitu, utasubiri mkono. Mama Neema akamvuta Baraka akampakata, mtoto wa miaka 11, miguu inafika chini.

Tukatoka nje kuitafuta ethi rodi. Ilikuwa nyuma ya jiko, na Mheshimiwa alikuwa amefungwa juu yake. Injinia alikiri mwenyewe: alitafuta kigingi kigumu kuliko vyote uwanjani, akakipata. Kwa miezi mingi mbuzi alikuwa akivuta kamba asubuhi hadi jioni kufuata majani ya ng'ambo, na kibanio cha shaba kikafunguka. Waya ulikuwa umebaki na uzi mmoja wa kijani, unagusa na kuachia. Rodi yenyewe nilipoishika ilicheza kama jino bovu. Haikufika hata mita moja na nusu, na ilisimama kwenye udongo mkavu kama unga wa mtama.

Mtu wa Dodoma analijua hili kwa miguu yake. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 570. Ikifika Oktoba ardhi ya juu haina tone, na udongo usio na unyevu haupitishi umeme. Mji huu jina lake linatokana na tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope. Wagogo wakasema idodomya, amezama. Babu Risasi alitema vumbi akasema ardhi iliyommeza tembo masika, kiangazi inakataa umeme wa chaja.

Jumatano akaja na kijana mwenye leseni ya umeme na kipimo cha ethi. Waliirudishia rodi ya zamani kibanio kipya wakapima: omu 410, na katika kipimo hiki kidogo ndicho kizuri. Wakasema tuchimbie nyingine mbili, za mita 2.4, mahali penye unyevu wa mwaka mzima, tuzizungushie mkaa na chumvi. Mahali penye unyevu ni pamoja tu: chini ya mzabibu wa mama, ule alioupanda marehemu, unaozaa mara mbili kwa mwaka na ambao jirani hawaruhusiwi hata kuusifia kwa karibu.

Spika akakaa kwenye kigoda mbele ya shina. Mkaa sawa, akasema. Chumvi itaua mzabibu. Kijana akaeleza kuhusu chumvi. Mama akasikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akarudia kwamba chumvi itaua mzabibu. Mimi sikupoteza muda kujaribu. Hazina ndiye aliyetoa suluhu: maji ya kuoshea vyombo yamwagwe hapo asubuhi na jioni, kila siku ya kiangazi, zamu ya Baraka. Rodi zikashuka bila chumvi. Ya kwanza ilisoma 61, mbili pamoja 34. Kwenye meinswichi wakafunga na kile kifaa kinachokata umeme ukianza kuvuja, cha miliampia 30, na wakabadili waya uliochakaa nyuma ya friji. Mama Neema akalipa kwa kuhesabu noti mara mbili, kisha akaichukua ile kanga kwenye kitasa akaipeleka kufuliwa.

Jumamosi ya send-off kabati lilibebwa na vijana wanne hadi barazani. Taa zote zilikuwa zinawaka, simu zinachajiwa, na yule wa muziki wa kukodi alikuwa na mitambo yake pembeni akiangalia kwa mashaka. Tukasubiri zile sekunde 20. Mama akaitoa santuri kwenye bahasha, akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akateremsha sindano. Kabla gitaa halijaingia tulisikia mkwaruzo wa ukingoni, mmoja, kisha kimya safi, kisha Balisidya. Ilikuwa inasikika hadi anavyovuta pumzi kabla ya kuimba. Bibi harusi alilia, dada yangu alilia, Babu Risasi alikuwa kwenye meza ya wazee mkono wa kushoto mfukoni.

Mama aliweka kiganja chake juu ya bati, pale pale. Halikumtekenya. Alikiacha hapo wimbo wote.

Ndugu yangu, kama friji yako hutekenya, usiitafutie kanga. Zima meinswichi leo, mtafute fundi mwenye leseni na kipimo cha ethi, na umtake arudi apime tena Oktoba, ardhi ikiwa kavu, maana kipimo cha Machi kitakupa moyo wa bure. Kama amplifaya yako ya valvu inavuma, isikilize kwanza ujue ni wa hamsini, wa mia au ni nyuki, na usiweke kidole ndani hata ikiwa imechomolewa. Ethi yetu ilisoma omu 22 Jumapili iliyopita. Mheshimiwa sasa anafungwa kwenye mwarobaini.